Hatua Mia Tano na Ishirini

Fundi wetu wa ndege alikuwa anapima kila kitu, ndiyo maana tukamwita Mizani. Ukifika kituoni na mzigo wako, alikupima wewe, akapima mzigo, kisha akakuomba uvue koti alipime peke yake. Mimi alinipima siku ya kwanza nilipoanza kazi, ingawa kazi yangu ni kukaa kwenye kiti na kuzungumza na redio, na hadi leo sijawahi kupanda ndege. Nilimuuliza ananipima ya nini. Akasema, "Siku utakapohitajika kupanda, hatutakuwa na muda wa kubishana." Nikamwambia siku hiyo aisubiri akiwa amekaa. Nilimchukia kama wiki mbili hivi, kisha nikamzoea.

Kituo chenyewe si cha kumwonyesha mgeni. Kuna banda la mabati ambamo ndege inalala, ofisi ya meneja yenye feni isiyozunguka, chumba changu cha redio chenye dirisha moja, na mlangoni mizani ya kupimia magunia, ambayo fundi aliihakiki kila Jumatatu kwa debe la maji. Ndege ni moja tu, ya injini moja na viti vinne. Rubani aliiita Kuku, kwa sababu inakimbia sana kabla ya kujirusha. Fundi hakulipenda jina hilo hata kidogo. Kila akilisikia alifuta mikono kwenye tambara na kusema, "Kuku ni wewe," na rubani akacheka hadi akakohoa. Mwishowe sote tukaiita Kuku, na fundi naye akajikuta anaiita hivyo.

Juu milimani kuna zahanati, na kando yake kuna kiwanja cha ndege cha majani. Barabara ya kwenda huko ilikufa siku daraja liliposombwa na maji. Tangu hapo tumeahidiwa daraja jipya mara nyingi kiasi kwamba ahadi zenyewe zikipangwa mstari mtu atavuka juu yake. Kwa miguu ni siku tatu, na mto unavukwa mara mbili; msimu wa mvua hauvukiki kabisa. Kwa hiyo dawa, chanjo, mama aliyeshindwa kujifungua, mtu aliyeangukiwa na mti, wote hao walimtegemea Kuku. Na mkunga wa zahanati hiyo alikuwa dada yake Mizani.

Hapa lazima nieleze vizuri, la sivyo hadithi nzima haitakuwa na kichwa wala miguu. Mama yao alifariki fundi akiwa na miaka sita na dada kumi na sita. Baba alikuwepo kwa jina. Dada ndiye aliyempikia, akamfulia, akampeleka shule, na njiani alimfundisha kuhesabu kwa hatua, maana daftari hawakuwa nalo. Kutoka mlangoni hadi kisimani hatua mia moja na kumi na nne. Kutoka kisimani hadi shuleni hatua elfu moja mia mbili na sita. Mtu mzima huyu, mwenye vyeti vya ufundi ukutani, bado alizikumbuka namba hizo, na akizitaja sauti ilimlegea.

Dada alipopangiwa kazi milimani, miaka ishirini iliyopita, fundi alimpeleka kwenye kiwanja chetu hapa chini, akamwaga chokaa, akamwambia apite. Akapima alama za viatu moja baada ya nyingine. Sentimita sabini na tano. Akamrudisha apite tena, na tena, mara kumi. Sabini na tano kila mara. Mambo hayo yalitokea kabla sijaajiriwa, ila alinisimulia mara nyingi hadi nikaanza kuapa kwamba nilikuwepo. "Dada yangu hatua yake haikosei," alisema. "Watu wana rula, mimi nina dada."

Basi huo ndio ukawa utaratibu wetu. Kila Alhamisi asubuhi dada alikitembea kiwanja chote, kutoka kwenye kitambaa cheupe kilichotandikwa juu kuonyesha mwanzo wa kiwanja hadi ukingoni chini, kisha saa nne kamili akaja kwenye redio ya zahanati.

"Redio, hapa mlimani. Unanipata?"

"Nakupata, dada. Habari za huko?"

"Nzuri tu. Mia tano na ishirini."

Nami naandika. Hatua mia tano na ishirini ni mita mia tatu na tisini. Kule juu hewa ni nyepesi, mabawa yanashika kidogo na injini inahema. Kuku akiwa na rubani na watu wawili alihitaji mita mia tatu na hamsini ili apae. Zilibaki arobaini za kumwomba Mungu. Kwa nini kupima kila wiki? Kwa sababu mwisho wa chini wa kiwanja kuna korongo, na kila mvua zikinyesha korongo linakula. Ng'ambo yake kuna mikaratusi mirefu. Kiangazi dada na wanakijiji walifyeka na kusawazisha upande wa juu ili kufidia. "Limekula chini, tumelima juu," aliniambia mwaka hadi mwaka. "Ngoma droo." Na namba haikubadilika.

Miaka minne iliyopita rubani aliingia bandani, kofia mkononi, hana mzaha.

"Fundi, Kuku amezeeka. Zamani nikiinua pua nilikuwa bado na ardhi ya kuchezea mbele yangu. Leo nimeinua, nikaona korongo hilo hapo chini ya magurudumu."

"Kiwanja ni kilekile," fundi akasema. "Mia tano na ishirini, juzi tu."

"Basi ni injini."

Fundi akaifungua injini. Aliifungua yote, akaitandaza juu ya turubai, akaipima kila kipande kwa wiki nzima, akaifunga tena. Haikuwa na kasoro. Alikuja mlangoni kwangu ameshika kikombe cha chai iliyopoa, akasema, "Basi kasoro ni mimi. Kuna kitu sikioni." Nilimhurumia, lakini nilikuwa na kazi, nikamwambia asinimwagie chai kwenye daftari.

Hapo ndipo miaka minne ya vituko ilipoanza. Kwanza alianza na uzito. Aling'oa zulia, akang'oa kifuniko cha mlango wa nyuma, akang'oa sahani ya majivu ambayo hakuna aliyewahi kuitumia, akakwangua rangi ya mkia. Chupa ya chai ya rubani ilipigwa marufuku. Alimwambia rubani apunguze tumbo, rubani akamwambia aanze yeye kupunguza kichwa. Ilipofika mwisho wa mwezi alikuwa ameondoa kilo ishirini na moja, na alizijua kilo hizo moja moja kwa majina.

Kisha akabadilisha panga boi la puani mwa ndege. Lile jipya lilikuwa limelala kidogo zaidi, likivuta kwa nguvu ardhini, ila angani lilimchelewesha Kuku hadi rubani akadai kunguru wanampita na kumpungia. Kisha vibati. Hivi vilinichekesha sana. Vilikuwa vibati vya alumini, kila kimoja kama ukucha wa dole gumba, themanini kwa jumla, akavibandika kwa gundi mstari mmoja juu ya mabawa, karibu na ukingo wa mbele. Nilimuuliza kama ndege imeota upele. Akanieleza kwa upole kwamba ndege ikienda polepole hewa inaliachia bawa, na vibati vinaikoroga hewa ili iendelee kung'ang'ania. Akaziba kwa utepe wa mpira mianya kati ya bawa na vibawa vya nyuma. Akaweka matairi mapana yasiyojazwa sana, yasizame kwenye majani. Mkaguzi alikuja na miwani yake, akapiga mihuri kila karatasi, akaondoka akitikisa kichwa.

Hata rubani alifundishwa upya. Ashike breki, injini ifike mwisho, ndipo aachie. Vibawa vya nyuma vishushwe nusu, si vyote. Asiinue pua kwa pupa. Aondoke mapema asubuhi, hewa ikiwa bado nzito kwa baridi. Na wakati wa kutua aje taratibu, injini ikiibeba ndege kidogo, aiangushe juu ya kitambaa cheupe chenyewe wala si mita kumi mbele yake. Rubani alinung'unika kwamba ana miaka ishirini na sita angani na sasa anafundishwa na mtu wa spana. Lakini alijifunza, na alikuwa mzuri.

Tulifanya majaribio kwenye kiwanja chetu hapa chini. Fundi alichora mistari ya chokaa, akanitoa kwenye kiti changu niwe shahidi. Kabla ya kazi yote ile Kuku alipaa kwenye mita mia mbili sabini. Sasa alipaa kwenye mia mbili arobaini na tano. Fundi alirukaruka pale kwenye chokaa kama mtoto, suruali ikajaa unga, akanishika mikono akanizungusha. Nilimwambia aniache, mimi ni mke wa mtu. Nilikuwa nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Alhamisi iliyofuata rubani akarudi kutoka milimani. Fundi alimwahi kabla injini haijazimwa.

"Vipi?"

"Vilevile."

"Vilevile vipi?"

"Korongo chini ya magurudumu. Vilevile, ndugu yangu."

Na ndivyo ilivyokuwa kila mara. Alipata mita tatu hapa chini, kule juu zikapotea. Alipata tano, zikapotea. Alikonda. Aliacha kutaniana na rubani, na akiitwa mezani alisema ameshakula. Siku moja nilimkuta ameketi chini ya bawa, mgongo kwenye gurudumu, akaniambia bila kuniangalia, "Namfungia dada yangu mlango, na sijui naufunga kwa mkono gani." Nikaenda zangu kwenye redio.

Nitasema na langu, maana nalo linaniuma. Katika miezi ile dada akija redioni alikuwa anahema. "Umechoka, dada?" nilimuuliza. "Nyonga tu hii. Uzee unabisha hodi." Nikacheka naye, nikaandika mia tano na ishirini. Mimi mwenyewe siku hizi ngazi za ofisini nazishuka upande upande kwa sababu ya goti, na kutoka kwangu hadi kituoni natembea robo saa zaidi ya zamani. Nilikuwa na kila kitu cha kunifanya nielewe, na sikuelewa.

Kilichofikisha mambo mwisho ni jani. Rubani alilikuta limebanwa kwenye gurudumu, jani refu la mkaratusi wa ng'ambo ya korongo, akalipeleka na kuliweka juu ya meza ya meneja. Meneja alituita. Si mtu mbaya. Ana watoto, na analala vizuri pale tu ndege yake inapokuwa bandani.

"Likija jani la pili," akasema, "kiwanja cha milimani nakifunga."

"Ukifunga, dada yangu nitamwona wapi?" fundi akauliza.

"Ashuke. Ana miaka sitini na moja, astaafu apumzike."

"Nimemwambia. Anasema akiondoka hawaleti mwingine."

Sote tulijua ni kweli, hata meneja.

Ndipo fundi akaomba apande mwenyewe. Mtashangaa, lakini alikuwa hajafika milimani miaka sita. Kilo zake sabini na nane, alisema, ni chanjo za miezi mingi, na hakuwa tayari kukalia chanjo za watu. Dada naye alikuwa hajashuka likizo miaka mitano. Kila nafasi yake aliiacha kwa mgonjwa. Waliishi kwa redio yangu na Alhamisi zangu. Alibeba tepu ya mita hamsini, mkoba wa spana na kaptura moja, akaniambia atarudi mchana.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa rubani, na rubani si mtu wa kutia chumvi. Dada alikuwa amesimama kwenye kitambaa cheupe, ameegemea mpini wa ufagio.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda! Kilo ngapi?"

"Sabini na nane. Wewe unachechemea."

"Nachechemea wapi? Natembea polepole. Karibu kwanza, hata salamu hazijaisha unanikagua kama injini."

Akamkumbatia. Kisha fundi akatoa tepu, rubani akashika ncha moja, wakashuka nayo. Tepu nzima mara sita, na juu yake mita ishirini na mbili. Fundi akasema wamekosea. Wakaanza upya kutoka chini kwenda juu. Mia tatu ishirini na mbili.

"Dada, Alhamisi ulihesabu ngapi?"

"Si nilisema? Mia tano na ishirini."

"Hebu tembea."

Dada akatembea. Nyuma yake fundi alipiga magoti kwenye majani yenye umande, akapima alama za viatu kama alivyozipima kwenye chokaa miaka ishirini nyuma. Sentimita sitini na mbili. Sitini na mbili. Sitini na moja na nusu. Aliendelea kupima muda mrefu baada ya kuwa ameshaelewa.

Kuku hakuwa amezeeka. Kiwanja ndicho kilichokuwa kinakwisha, mwaka hadi mwaka, na hatua za dada zilikuwa zinakwisha pamoja nacho, kwa mwendo uleule, kiasi kwamba namba haikuwahi kutikisika.

"Sikudanganya," dada akasema.

"Najua."

"Nilihesabu moja moja, kama tulivyokuwa tunahesabu."

"Najua, dada."

Akaketi pale pale kwenye majani. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaitengeneza ndege nzima?"

"Nilikuwa naitengeneza," fundi akasema. Rubani aliniambia kwamba hapo alikwenda kukagua matairi ambayo hayakuhitaji kukaguliwa.

Muuguzi msaidizi wa zahanati, binti mmoja mpole, ndiye aliyetoboa siri. Alisema mama mkunga halalii upande wa kushoto tangu mwaka jana, na kwamba anameza dawa za maumivu kama karanga. Fundi akasema dada anashuka leo. Dada akasema hashuki, kuna wajawazito wanne. Walibishana hadi wanakijiji wakaja kusikiliza. Mwisho dada akasema, "Wiki mbili. Wanipige picha, wanipe dawa, nirudi. Hata siku moja zaidi sikai."

Fundi alipiga hesabu nyuma ya boksi la dawa. Kwa kazi yake yote ya miaka minne, Kuku akiwa na watu watatu, rubani akiwemo, angehitaji mia tatu ishirini na nane. Kiwanja kilikuwa pungufu kwa mita sita. Akiwa na wawili, ilitosha. Basi dada atangulie na rubani, na fundi achukuliwe kesho asubuhi. Akampandisha dada kwenye mizani ya zahanati, kama alivyompandisha kila mtu. Hamsini na moja. Likizo ya mwisho alikuwa na sitini na nne. Aliiandika namba hiyo kwenye boksi.

Mimi niliyasikia yaliyobaki kwa masikio yangu. Injini ilinguruma redioni, kisha sauti ya fundi ikaja kwa kelele: "Amepaa! Amebakiza mita ishirini na sita! Umeandika? Ishirini na sita!" Nikamwambia nimeandika. Kwa mara ya kwanza Kuku alikuwa amefanya mbele ya macho yake kile alichomtengeneza akifanye. Sikumsikia tena akifurahi.

Mvua ilianza alasiri ile ile. Mvua zenyewe zilikuwa zimebakiza wiki tatu kwa kalenda ya kila mtu, lakini zilianza, zikanyesha hadi asubuhi, na asubuhi fundi alipima akakuta korongo limekula mita kumi na moja nyingine. Majani yamelowa, udongo unavuta magurudumu, hesabu zote zimeharibika. Meneja akasimamisha safari hadi mvua zikatike. Rubani alipiga meza, akasema atakwenda hata kwa wizi. Meneja akachukua ufunguo wa Kuku akauweka mfukoni. Na mto nao ukajaa. Fundi akabaki mlimani, dada hospitali huku chini.

Daktari alizungumza na mimi na rubani, kwa sababu ndugu mwingine hakuwepo. Halikuwa suala la uzee wala la nyonga. Ilikuwa saratani, imeanzia kwingine, imeshafika mfupani. Alituambia tuhesabu kwa wiki. Mimi ndiye niliyempa fundi habari hiyo kwa redio, mchana kweupe, huku nje mtu anafagia. Akauliza, "Yeye anajua?"

"Anajua. Ila anasema lazima arudi kazini."

"Usimwambie kuhusu kiwanja."

Alhamisi ilipofika, saa nne, nilipiga simu ya wodini, nikaiweka sauti juu, nikailaza mbele ya kipaza sauti cha redio. Ndivyo walivyozungumza, mimi nikiwa katikati nimeshika simu kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake.

"Umepima?" dada akauliza.

"Nimepima, dada."

"Hatua ngapi?"

Nilisikia fundi akivuta pumzi. "Mia tano na ishirini."

"Umehesabu vizuri?"

"Moja moja."

"Basi Kuku atatua. Nikipata nafuu kidogo narudi. Wale wajawazito vipi?"

"Wawili wamejifungua. Salama."

"Watoto kilo ngapi?" Akamtajia, hadi gramu. Nilipokata simu nilimbana. "Fundi, kweli mia tano na ishirini?"

"Kweli. Sijamdanganya hata hatua moja. Nimetembea zangu fupi."

"Na kwa tepu ni mita ngapi?"

"Hilo usiniulize."

Sikumuuliza. Niliandika mia tano na ishirini kwenye daftari, chini ya zile nyingine. Najua daftari ni la kazi. Meneja aliliona, akageuza ukurasa.

Zikapita Alhamisi tano. Fundi alikuwa akichimba upande wa juu wa kiwanja pamoja na wanakijiji, jembe na sururu, hadi walipogonga mwamba, na kwenye mwamba nako wakachimba. Aliniambia wamepata mita mbili juu, chini zimekwenda nne. Kwa dada aliendelea kusema mia tano na ishirini, na ili iwe kweli ilimbidi kila wiki atembee hatua fupi kuliko za wiki iliyopita. Watu wa huko walidhani naye ameugua nyonga. Dada alikuwa anazidi kuishiwa sauti. Alhamisi ya tano muuguzi ndiye aliyemshikia simu, na dada hakuulizia watoto. Alisema tu, "Ngapi?" Akaambiwa. Akasema, "Haya."

Alhamisi ya sita hospitali ilinipigia saa mbili na nusu asubuhi. Nilikaa saa nzima na nusu na habari hiyo. Rubani alikuja, nikamwambia, akatoka akaenda kusimama karibu na Kuku, mkono juu ya bawa, juu ya vile vibati. Ilipogonga saa nne niligundua nimeshailaza simu mbele ya kipaza sauti, kwa mazoea.

"Redio, hapa mlimani. Unanipata?"

"Nakupata, fundi."

"Leo mia tano na ishirini na moja. Tumepasua kile kipande cha mwamba, atafurahi. Muunganishe dada."

"Fundi, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Dada amefariki. Alfajiri hii. Muuguzi alikuwa naye, hakuwa peke yake."

Redio ilikoroma. Nilijua bado yupo kwa sababu alikuwa amebonyeza kitufe, na nilisikia mvua ikipiga bati la zahanati.

"Alisema chochote?"

"Muuguzi anasema aliuliza kama leo ni Alhamisi."

Mvua iliendelea kupiga. Nilimwambia mazishi nitayasimamia mimi na rubani, kila kitu kitakwenda kama angekuwepo. Akasema asante. Nikamwambia mto ukishuka atakuja kuliona kaburi. Akasema asante tena, kwa sauti ya mtu anayejibu mlangoni.

Kisha akauliza, "Ile namba umeshaiandika?"

"Nimeiandika."

"Ikate. Andika mita mia mbili tisini na nane. Nimepima kwa tepu, kwenda na kurudi."

Nikaikata kwa rula, nikaandika mita mia mbili tisini na nane. Meneja akaisoma amesimama, na kabla ya saa sita kiwanja cha milimani kilikuwa kimefutwa kwenye ramani yetu.